Barua ya wazi kwa wakubwa wa maji: mnachimba sana, mnaangalia kidogo

Waheshimiwa mnaoshika sekta ya maji, mawaziri, makatibu wakuu, wakurugenzi wa mamlaka, wenyeviti wa mabodi, na nyie wafadhili mnaokuja siku ya uzinduzi na fulana zenye nembo, shikamooni wote.

Mimi ni fundi wa visima, sio profesa, kazi yangu ni kushusha mabomba na kupandisha mabomba na kupigiwa simu usiku kwamba pampu imeungua. Kuna sehemu nilifanya kazi, sitaitaja, pembeni ya kisima kikubwa kulichimbwa kishimo kingine chembamba cha kuangalizia maji, kikafungwa mfuniko wa chuma na kufuli. Kazi ya kile kishimo ni moja tu, unashusha kamba ya kupimia, ikigusa maji inalia, unaandika namba, unaondoka zako, dakika tano haziishi. Ufunguo ukawa ofisini. Nikaomba ufunguo nikaambiwa andika barua, nikaandika, nikaambiwa aliyekuwa anautunza kahamishwa na hakuna anayejua kauacha wapi. Miezi minane. Mwezi wa tisa pampu ikaungua maana maji yalikuwa yameshuka mpaka chini ya pampu na hakuna aliyejua, na pesa ya pampu mpya ikapatikana ndani ya wiki mbili!

Nimekaa na hiyo hasira muda mrefu, na katika kukaa nayo ndo nikaanza kusoma habari za mzee mmoja wa Kanada anaitwa John Cherry, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi. Mwaka 2016 alipewa Lee Kuan Yew Water Prize kule Singapore, na 2020 akapewa Stockholm Water Prize ambayo watu wa maji huwa wanaiita Nobel yao. Nilitegemea kukuta habari za mtu aliyevumbua mashine fulani kubwa. Nikakuta habari za mtu aliyetumia maisha yake kuangalia. Anatoboa vishimo, anashusha vimrija, anavuta maji kidogo, anapima, kesho tena, mwakani tena. Ndo maana nawaandikia nyie.

Kwanza niseme kitu ambacho wakubwa wengi naona hamjaelezwa vizuri, na hata mimi nilikijua ukubwani. Huko chini hakuna mto wala ziwa, labda kwenye mapango ya chokaa, lakini kwa sehemu kubwa kuna mchanga, changarawe na miamba yenye nyufa, na maji yamejaa kwenye vinafasi vidogovidogo katikati ya punje kama yanavyojaa kwenye sponji, yanasogea polepole. Mfaransa Henry Darcy, injinia wa mji wa Dijon, alilipima hili mwaka 1856 kwa kupitisha maji kwenye bomba lililosimama wima limejaa mchanga, akapata kanuni ambayo mpaka leo tunaitumia hata sisi tusiojua jina lake. Na Umoja wa Mataifa kwenye ripoti yake ya maji ya mwaka 2022 ulisema karibu asilimia 99 ya maji baridi ya kimiminika duniani yako huko chini, na nusu ya maji yanayochukuliwa kwa matumizi ya nyumbani yanatoka huko. Yaani mito na maziwa yote mnayopigia picha ndo hiyo asilimia moja iliyobaki.

Sasa Cherry alichofanya ni kama kulitoa lile bomba la Darcy ndani na kulipeleka uwanjani. Alisoma PhD yake Illinois, na mwaka 1971 akaingia Chuo Kikuu cha Waterloo, jimbo la Ontario. Enzi hizo mazoea yalikuwa kwamba udongo ni chujio, we mwaga, zika, ardhi itajua yenyewe cha kufanya. Huko Ontario kuna kambi ya jeshi inaitwa Borden, ina dampo la zamani lililokaa juu ya mchanga, Cherry na wenzake wakaanza kufuatilia maji machafu yaliyokuwa yanashuka kutoka kwenye lile dampo na wakayakuta yameshatembea mamia ya mita chini kwa chini, juu nyasi zimeota vizuri tu, hakuna harufu, hakuna aliyestuka.

Halafu mwezi wa nane 1982 wakafanya kitu ambacho nikikisimulia kwa mafundi wenzangu wanacheka kwanza. Wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani walichukua maji kama mita za ujazo 12, yaani boza moja tu, wakatia chumvi za kufuatilia na kemikali tano za viwandani, wakayaingiza kwenye mchanga taratibu na kuyaacha yaende yenyewe bila kupampu. Mbele ya njia yake walikuwa wameshapanda msitu wa vimrija, sehemu za kuchukulia sampuli karibu 5,000, kila kimrija kinafungukia kwenye kina chake. Wakakaa pale karibu miaka mitatu wanafuatilia. Boza moja, miaka mitatu jamani.

Na yale maji yalitembea kama sentimita 9 kwa siku, konokono angewapita asubuhi akarudi jioni kuwasalimia. Chumvi ikatangulia, zile kemikali zikabaki nyuma kila moja kwa kiasi chake kwa sababu zinajishikashika kwenye punje za mchanga. Ila kilichonishika mimi zaidi ni umbo. Lile wingu la uchafu halikutawanyika kila upande kama moshi, lilijivuta likawa refu na jembamba. Kwa fundi hii ni habari kubwa, maana yake unaweza kutoboa kishimo cha kupimia mita chache tu pembeni ya njia ya uchafu ukapata maji masafi kabisa na ukaandika ripoti kwamba eneo liko salama. Na ukichukua maji kwenye kisima chenye bomba refu la chujio, yaani lile lenye matundu ya kuingizia maji, maji ya juu na ya chini yanachanganyika mle ndani, uchafu unazimuliwa, maabara inaleta namba ndogo, ofisi nzima inafurahi. Nimeona ripoti za hivyo nyingi tu, kishimo kimoja, sampuli moja, mhuri.

Tukitoka hapo kuna suala la viyeyusho vya viwandani, na hapa ndo jina la Cherry lilipokuwa kubwa kweli. Petroli na dizeli zinaelea juu ya maji, hilo hata mtoto anajua, mafuta yanaelea. Lakini kuna kemikali kama TCE ya kusafishia grisi kwenye vyuma na PCE inayotumika kufulia nguo bila maji, hizi ni nzito kuliko maji, TCE lita moja ina karibu kilo moja na nusu, zikimwagika zinazama. Zinapita kwenye maji, zinaingia kwenye nyufa, zinatuama kwenye mikunjo ya udongo mzito huko chini na kuanza kuyeyuka kidogokidogo kwa miaka na miaka. Sheria ya Marekani inaruhusu TCE mikrogramu 5 tu kwenye lita ya maji ya kunywa. Nilikaa na kalkuleta nikapiga hesabu mwenyewe, lita moja ya TCE ikiyeyuka yote inatosha kufikisha kwenye hicho kiwango lita milioni 290 hivi za maji. Lita moja, ile chupa ya juisi.

Sasa ilibidi wajue hii kitu inazamaje, na huwezi kujua kwa kukisia. Kwa hiyo huko huko Borden wakapigilia kuta za chuma ardhini mpaka kwenye tabaka la udongo mzito lisilopitisha maji, wakaziba viungo, wakapata kama boksi lililozikwa, na mwaka 1991 kwenye boksi moja la mita 9 kwa 9 wakamwaga lita 770 za PCE. Kwa makusudi. Wakaangalia inakwenda wapi.

Hebu tulieni hapo kidogo waheshimiwa. Watu wanamsifia Cherry na wenzake na wanastahili, lakini mimi nilipofika hapo nilimfikiria mtu mwingine kabisa, yule aliyesaini. Maana haiwezekani watu wakamwaga lita 770 za sumu kwenye ardhi ya jeshi bila karatasi, lazima kuna mkubwa mahali fulani aliletewa faili, akasoma, akauliza maswali, akaona hatari imefungwa ndani ya kuta, akasema fanyeni. Angeweza kuliweka chini ya mafaili mengine kama ilivyo kawaida, asingelaumiwa na mtu. Huyo mtu hajapewa tuzo yoyote na jina lake silijui, lakini bila yeye hiyo elimu ya jinsi viyeyusho vinavyozama tungekuwa mpaka leo tunabahatisha. Nyie ndo watu wa kusaini. Ndo kazi yenu hasa, sio kukata utepe.

Tena uangaliaji una tabia ya kuleta vitu ambavyo hukuvitafuta. Pale Waterloo timu ya Robert Gillham ilikuwa inachunguza jambo dogo kabisa, vifaa vya kuchukulia sampuli vinaharibu vipimo kiasi gani, ni kitu cha mafundi hicho, hakuna waziri angekizindua. Wakaona kemikali zikigusana na baadhi ya vyuma zinapungua zenyewe. Mwingine angesema vifaa vibovu, tupa. Wao wakajiuliza zinaenda wapi, na kumbe chuma cha kawaida kinazivunjavunja. Mwaka 1991 wakazika ukuta Borden, chengachenga za chuma asilimia 22 na mchanga asilimia 78, wakauacha uchafu upite humo wenyewe, TCE ikapungua kwa asilimia 90. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna mlinzi wa kulipwa. Miaka michache baadaye kuta za aina hiyo zikaanza kujengwa kibiashara, ya kwanza California.

Na kwa nini ukuta ulihitajika wakati pampu zipo? Hili nalo Cherry na wenzake ndo waliolifafanua, na kwakweli lilinikata maini kidogo maana mimi ni mtu wa pampu. Kwa miaka mingi dawa ya maji yaliyochafuka ilikuwa kuyavuta juu, kuyasafisha, kuendelea kuvuta. Unavuta miaka kumi namba zinashuka, unazima pampu unasherehekea, baada ya muda namba zinapanda tena. Kumbe ile kemikali ilipokaa muda mrefu ilijipenyeza ndani ya udongo wa mfinyanzi na ndani ya mwamba wenyewe, sasa mchanga ukishasafishwa inaanza kurudi nje, polepole vilevile ilivyoingia. Kwa hiyo uchafu uliochukua miaka 30 kuingia usitegemee utatoka kwenye awamu moja ya uongozi. Na sehemu ya pesa za utafiti huo zilitoka kwa makampuni makubwa yenyewe, yale yaliyokuwa na viwanda vyenye shida hiyo, vyuo vikaungana, makampuni yakachangia, kazi ikafanyika. Hili nalisema kwa sababu najua mtaniambia hakuna fungu. Wanaochafua wanalo.

Lakini elimu kuwepo haitoshi kama mkubwa hajaichukua, na mfano wake uko hukohuko Ontario, sio mbali. Mji mdogo wa Walkerton, Mei 2000, mvua kubwa ikanyesha, bakteria wa kwenye mbolea ya ng'ombe wakaingia kisima namba 5. Watu 7 walikufa, zaidi ya 2,300 wakaugua. Ontario ileile yenye Waterloo, yenye Borden, yenye maprofesa wa dunia nzima kuja kujifunza! Tume ya uchunguzi ilipokaa ikakuta nini, kile kisima ni cha mwaka 1978, kifupi, maji yake yanaingia kwenye mita chache tu za juu kwenye mwamba wenye nyufa, na tangu kilipochimbwa kulikuwa na ushauri kwamba ardhi inayokizunguka inunuliwe iwe kinga. Haikununuliwa. Kifaa cha kupima klorini muda wote hakikuwepo, na waendeshaji walikuwa wanajaza daftari namba za klorini za kutunga. Mkulima wa jirani wala hakuwa na kosa, tume yenyewe ilisema. Mwaka 2006 Ontario ikapata sheria ya kulinda vyanzo vya maji, miaka 28 baada ya ule ushauri na watu saba wakiwa wameshazikwa.

Ile ya namba za kutunga mimi inanigusa vibaya kwa sababu naijua. Sijawahi kuifanya lakini nimeona daftari ambalo kina cha maji ni kilekile kila Jumatatu mwaka mzima, mita 31, mita 31, mita 31, masika na kiangazi, na aliyekuwa anajaza sio mtu mbaya, alikuwa hana kamba ya kupimia na ripoti ilikuwa inatakiwa.

Cherry mwenyewe aliwahi kuwekwa kwenye kiti cha kuongea na watu kama nyie, aliongoza jopo la wataalamu Kanada lililotoa ripoti mwaka 2014 kuhusu uchimbaji wa gesi ya kwenye mwamba, na kwa ufupi walichosema ni kwamba taarifa za kusema ni salama au si salama hazitoshi, kwa sababu hakuna aliyepima maji vizuri kabla ya kuanza kuchimba. Ukishachimba ndo unakumbuka kupima huna cha kulinganisha. Basi hilo tu, wala silirefushi.

La mwisho kuhusu yeye, na ndo lililonifanya nimpende kama binadamu. Mwaka 1979 yeye na Allan Freeze walitoa kitabu cha kufundishia maji ya chini ya ardhi, kurasa 600 na ushee, vizazi vya wataalamu vimesomea hicho. Leo unakipakua bure kwenye simu, mimi ninacho, naruka hesabu nasoma michoro. Na alipostaafu chuo hakwenda kukaa kwenye kiti cha uvivu, akaanzisha mradi wa vitabu vya bure vya maji ya chini ya ardhi, Groundwater Project, wataalamu wa nchi mbalimbali wanaandika kwa kujitolea, wengine wanatafsiri, yeyote mwenye intaneti anapakua. Mtu ametumia miaka zaidi ya 50 kuyajua haya mambo kisha anayagawa bure. Sasa linganisheni na rekodi zetu za uchimbaji. Kila kisima kinapochimbwa sisi mafundi tunaandika, mita ya ngapi tumekuta udongo gani, mwamba umeanzia wapi, maji yamepatikana kina gani, tunakabidhi, na hiyo karatasi inaingia kabatini na haionekani tena duniani. Akija fundi mwingine mita mia mbili pembeni anaanza upya, anachimba kikavu, pesa imekwenda. Kuna ofisi niliwahi kuomba rekodi ya kisima nilichokichimba mimi mwenyewe nikaambiwa ni siri!

Kwa hiyo naomba hivi, na sio mengi. Kila mradi wa kisima mnaoupitisha tengeni kwenye bajeti pesa ya kuangalia, mimi ningesema asilimia tatu, mkiona nyingi anzeni na moja, ila iwe ya kuangalia tu isihamishiwe kwenye mafuta ya gari. Kila kisima kikubwa kiwe na kishimo chake cha kuangalizia na mtu wa kushusha kamba kila wiki, mtu wa palepale, alipwe hata kidogo lakini alipwe, na apewe kamba nzima sio iliyoungwaungwa. Rekodi za uchimbaji wekeni wazi mtandaoni, za zamani ziscaniwe kabla panya hawajamaliza. Sheli, karakana, dampo, kiwanda, kabla hamjatoa kibali ulizeni maji ya chini ya hapo yanaelekea wapi, na kama hakuna anayejua basi kibali kisubiri. Na kijana akija ofisini na faili la utafiti linaloonekana la ajabu, vimrija elfu tano kwa boza moja la maji, msilicheke, lisomeni mpaka mwisho.

Najua mtasema kuangalia hakupigi kura. Kweli, kishimo chenye mfuniko hakina mbele wala nyuma, huwezi kukisimamia ukapigwa picha ukapendeza. Ila mkiniuliza mimi fundi, nimeona zikiungua pampu nyingi mno ambazo namba moja tu kwenye daftari ingeziokoa.

Na kile kishimo nilichosema mwanzo bado kipo, kufuli limeshika kutu lakini nadhani likitiwa mafuta litafunguka. Kamba ninayo, nimenunua kwa pesa yangu, mita 100, inalia vizuri. Ufunguo mnao nyie.

Wenu,
Fundi wa visima